Kuweka Maji ya Tumbaku na Nikotini Nyumbani

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wenye bustani, wafugaji na akina mama wa Kitengela, katika kaunti ya Kajiado.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo kwa kulitazama laonekana dogo, nalo ni chupa. Si chupa ya maziwa wala ya mafuta ya kupikia, bali ile iliyowekwa nyuma ya mlango au chini ya kitanda, ambayo ndani yake mna maji ya tumbaku ya kupulizia sukuma wiki, au dawa ya kupe, au siku hizi ile nikotini ya maji inayotiwa katika sigara za umeme. Watu wengi huiweka chupa hiyo kwa miezi, na wengine kwa miaka, kwa kuwa ilinunuliwa kwa fedha na hawapendi kuitupa. Basi leo nitawaeleza jinsi ya kuiweka, na nitawaeleza pia ni ipi isiyofaa kuwekwa hata siku moja.

Kwanza yatupasa kujua nikotini ni kitu gani. Ni ile nguvu iliyomo ndani ya jani la tumbaku. Jina lake limetokana na Jean Nicot, balozi wa Ufaransa katika nchi ya Ureno, ambaye karibu mwaka 1560 alipeleka tumbaku kwao. Mwaka 1828 Wajerumani wawili, Posselt na Reimann, waliitenga nikotini peke yake katika mji wa Heidelberg, wakaona kuwa ni mafuta yasiyo na rangi. Mafuta hayo yakiachwa penye hewa na mwanga hugeuka manjano, kisha kahawia. Mmea haukuumbiwa nikotini kwa ajili ya kutufurahisha sisi. Ni silaha yake ya kuwazuia wadudu wasile majani. Ndiyo sababu wakulima wa nchi nyingi waliifanya dawa. Huko Marekani iliuzwa kwa miaka mingi dawa ya majimaji iitwayo Black Leaf 40, ambayo sehemu 40 katika kila 100 zilikuwa nikotini. Usajili wa mwisho wa dawa za namna hiyo ulifutwa huko, na tangu mwanzo wa mwaka 2014 watengenezaji hawaruhusiwi tena kuziuza.

Hapa kwetu hatununui Black Leaf; twaitengeneza wenyewe. Nyote mwajua kwamba nyanda hizi za Kitengela, zilizokuwa malisho hata kufika mpaka wa mbuga ya Nairobi, sasa zimekatwa viwanja, na nyuma ya nyumba nyingi pana bustani ya mboga au kibanda cha nailoni cha nyanya. Vidukari wakiingia, mwenye bustani huenda sokoni akanunua tumbaku, akailoweka usiku kucha au akaichemsha, akatia sabuni, akapulizia. Sitawadanganya kwamba dawa hii haifanyi kazi. Vidukari hufa. Lakini wengi hudhani kwamba kitu kilichotoka katika jani hakiwezi kuwa sumu kama kile kilichotoka kiwandani, na hapo ndipo penye kosa.

Tena sisi watu wa Kajiado tunayo magadi karibu. Wazee hapa wanaovuta ugoro wajua kwamba tumbaku isiyotiwa magadi haina ukali. Sababu yake ni hii: magadi huifungua nikotini kutoka katika hali ya chumvi, ikawa nyepesi kupenya katika ngozi na katika utando wa pua na mdomo. Kwa hiyo mtu atiaye magadi katika maji ya tumbaku ili yawe makali kwa wadudu, ameyafanya kuwa makali kwa mikono yake pia. Wakulima wa tumbaku wajua jambo hili bila ya kufundishwa, kwani achumaye majani yaliyolowa umande pasipo kujifunika hurudi nyumbani akitapika na kuona kizunguzungu, ingawa hakuvuta hata sigara moja.

Sasa nitawaambia kilichonifanya niache kulichukua jambo hili kwa wepesi. Miaka kadhaa iliyopita, nyumbani kwangu mwenyewe, nilibakiwa na maji ya tumbaku kiasi cha nusu lita. Niliyatia katika chupa ya soda na kuiweka chini ya meza, nikisema kesho nitayamaliza. Rangi yake ilikuwa kama ya chai ya rangi. Mtoto wa ndugu yangu, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, aliingia kutoka juani akiwa na kiu. Alipiga funda moja, akatema kwa kuwa ni chungu, na uchungu ule ndio uliomwokoa. Hata hivyo alitapika, akatokwa na jasho na mate mengi, akalegea mikononi mwa mama yake njiani tukienda hospitali. Alipona. Mama yake hakunilaumu kwa neno lolote, na ningependa angenilaumu.

Vitabu vya zamani viliandika kwamba miligramu 60 za nikotini humwua mtu mzima. Mwaka 2014 mtaalamu wa Graz huko Austria, Bernd Mayer, aliichunguza hesabu hiyo upya, akaonyesha kuwa ilitokana na majaribio ya kale yasiyoaminika, na kwamba kipimo cha kumwua mtu mzima huenda kinazidi nusu gramu. Wengine wameisikia habari hii wakafurahi. Mimi nawaomba wapige hesabu ya chupa iliyo nyumbani. Chupa ya mililita 100 yenye miligramu 100 katika kila mililita, ambayo wapo wanaoinunua ili waichanganye wenyewe, ina gramu 10 za nikotini. Hata kwa hesabu ile mpya, hiyo yatosha watu wazima wengi, sembuse mtoto wa kilo kumi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka sheria kwamba maji ya sigara za umeme yasizidi miligramu 20 katika mililita moja, na chupa isizidi mililita 10, tena iwe na kifuniko kisichofunguliwa na mtoto.

Basi tuje kwenye kuweka. Maji ya tumbaku ya kuchemsha nyumbani hayawekwi. Hakuna ajuaye nguvu yake, kwa maana jani moja si sawa na jingine, na tena huoza. Tengeneza ya siku ile, yatumie, yakwishe. Tena wenye nyanya na pilipili wakumbuke kwamba tumbaku ni ndugu wa mimea hiyo, na ugonjwa wa batobato waweza kutoka katika tumbaku na kuingia katika nyanya.

Nikotini iliyotoka kiwandani huwekwa, lakini ina maadui watatu, ambao ni mwanga, joto na hewa. Iache katika chupa yake ya kwanza yenye maandishi. Ikiwa ni lazima uihamishe, tumia chupa ya kioo cha kahawia yenye kifuniko cha kukaza, uijaze karibu na shingo ili hewa ibaki kidogo, kisha andika juu yake jina, nguvu yake, tarehe, na neno SUMU kwa herufi kubwa. Vaa mipira ya mikono unapomimina. Usitumie kabisa chupa ya kitu kinywewacho.

Mahali pa kuiweka ndipo panapowashinda wengi. Watu huambiwa waweke sumu juu, mtoto asifikie. Ni kweli, lakini katika nyumba zetu za mabati, juu ya kabati ndipo penye joto kuliko mahali pote, na mchana wa Januari huko Kajiado chupa iliyo chini ya bati huwa kama iliyo mekoni. Tena mtoto wa miaka minne hupanda kiti. Kwa maoni yangu, kufuli ni bora kuliko urefu. Tafuta sanduku la bati au la mbao, litie kufuli, liweke penye kivuli katika chumba chenye ubaridi, mbali na jiko na mbali na chakula, nao ufunguo ukae na mtu mzima mmoja. Wenye majokofu husema ya kwamba nikotini hudumu zaidi katika baridi, na hilo ni kweli. Lakini ikiwa jokofu ni moja, na ndani yake mna maziwa ya watoto, mimi nasema usiitie humo, hata ikiharibika.

Kanuni hizi zafaa vile vile kwa dawa ya kupe. Nyingi zimetengenezwa kwa mafuta yanayoshika moto, basi zisikae jikoni, wala zisipimwe kwa kifuniko cha chupa ya maziwa. Na kama yuko mzee ambaye bado ana kopo kuukuu la Furadan stoo, na alikumbuke leo. Dawa hiyo iliondolewa katika maduka ya Kenya na kampuni iliyoitengeneza mwaka 2009, baada ya habari kuenea za simba waliouawa kwayo, lakini makopo yaliyokwisha kununuliwa hayakuondoka yenyewe.

Ajali ikitokea, usimlazimishe mtu kutapika, wala usimpe maziwa kwa kudhani yatazima sumu. Ikiwa imemwagika mwilini, mvue nguo, umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Mpeleke hospitali mara moja, iwe ya Kitengela au ya Kajiado, na uichukue chupa yenyewe, kwa sababu tabibu akisoma jina hapotezi wakati. Usingoje uone kama atapata nafuu. Nikotini huanza kwa kichefuchefu, mate na moyo kwenda mbio, lakini ikizidi hulegeza misuli, na pumzi ni kazi ya misuli.

Baada ya maneno haya mama mmoja aliuliza hivi: akiitaka nafasi na kuamua kuitupa, aimwage wapi? Nilimjibu kwamba asiimwage chooni wala katika korongo, kwa maana wengi wetu hapa twanywa maji ya visima vilivyochimbwa. Airudishe kwa aliyemwuzia, au amwulize bwana shamba au ofisi ya afya, na hata siku hiyo ifike, ibaki ndani ya sanduku na kufuli. Akasema sanduku analo, lakini kufuli hana. Mzee aliyeketi karibu naye akatoa moja mfukoni, akampa.