Mgeni Asiyejulikana Katika Chumba cha Watoto



Mgeni akifika kwenu usiku, munamuuliza: Unatoka wapi? Unatafuta nani? Hamuwezi kumulalisha pamoja na watoto mbele ya kumujua. Lakini telefone yenye intaneti inaingiza wageni wengi, na wazazi wengine wanaiacha mikononi mwa mtoto mpaka usiku wa manane. Leo tutasema maneno matatu.

1. Mwili. Mwaka 2019 Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilitoa shauri hili: mtoto asiyetimiza miaka 2 asiwekwe mbele ya telefone wala televizio, wa miaka 2 mpaka 4 asipitishe saa 1 kwa siku. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji kulala saa 10 mpaka 13. Basi, musimupe telefone ili anyamaze wakati mama anapika. Mupe kijiko na sahani achezee.

2. Roho. Kuko watu wabaya wanaojifanya rafiki za mtoto. Wanamuomba picha yake bila nguo, kisha wanamutisha. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, inayolinda watoto, inaazibu mtu anayetengeneza au kutawanya picha za namna hii. Mtoto wako akikuambia neno kama hili, usimupige, usimulaani. Ukimupiga leo, kesho ataficha, na yule mtu mubaya atabaki na nguvu juu yake. Musikilize. Usilipe kitu. Chunga ujumbe ule kwa ushahidi, uende kwa polisi.

3. Majirani. Mwaka 2023 Wambole na Walengola walipigana Lubunga, na watu wengi walikimbia nyumba zao. Katika wakati kama ule, ujumbe mmoja wa uongo unaweza kuua mtu. Mufundishe kijana kuuliza: Nani aliona? Habari inatoka wapi? Kama hajui, asiitume kwa wengine.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, linaagiza wazazi kufundisha watoto nyumbani na njiani, jioni na asubuhi. Kazi hii si ya mwalimu wa masomo ya Mungu peke yake.

Kwa hiyo, usiku telefone zote zilale mbali na kitanda, hata ile ya baba, maana watoto wanafuata wanachoona. Kila jioni uliza mtoto kwa upole: Leo uliona nini? Ukisha kumusikia, muombe pamoja.