TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI: DESEMBA NI MWEZI WA KUFUNGA HESABU, ZETU NA ZA WAFANYAKAZI WETU

Ndugu wanachama, haya ni maneno ya Kamati ya Uchumi ya Tawi yaliyosemwa kwenye mkutano wa Jumapili, 8 Desemba 2024. Wengi hawakuweza kufika, wengine walikuwa msibani na wengine dukani, kwa hiyo tunayatuma yote kama yalivyosemwa. Ni marefu kidogo. Tunaomba yasomwe mpaka mwisho, na anayemtumia mwenzake asiyakate katikati.



Mwezi Novemba wote akili zetu zilikuwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Kuna maduka hapa mtaani yalikuwa yanafunguliwa saa nane mchana kwa sababu mwenye duka yuko kwenye kampeni. Uchaguzi umekwisha tarehe 27, na leo zimebaki siku 23 mwaka wa kodi ufungwe. Tumeombwa tueleze mambo ambayo mwenye biashara ndogo anatakiwa awe ameyamaliza kabla ya hapo.

Tuanze na yale ya TRA, kwa sababu ndiyo yanayotutia hofu zaidi.

Mwenye kulipa kodi ya mapato kwa makadirio anajua kuna awamu nne: mwisho wa Machi, wa Juni, wa Septemba na wa Desemba. Awamu ya nne ni tarehe 31, na mwaka huu inaangukia Jumanne. Tafadhali msisubiri Jumatatu jioni ndipo muanze kutafuta namba ya malipo. Mtandao unazidiwa siku hizo, na faini haiulizi kama mtandao ulikuwepo.

Wengi hapa wanalipa kwa makadirio ya Machi ambayo hayafanani tena na biashara waliyonayo. Mwenye genge aliyebomolewa eneo, fundi ambaye mashine yake imelala tangu Agosti, mama aliyeuguliwa akafunga miezi mitatu. Sheria inaruhusu kurekebisha makadirio ndani ya mwaka. Unapeleka maelezo na ushahidi, na hesabu inafanywa upya. Mwaka ukishapita, mazungumzo yanabadilika, unakuwa mtu anayepinga deni badala ya mtu anayerekebisha makadirio. Na aliyepanda vilevile arekebishe, maana aliyekadiria chini sana anakuja kulipishwa riba juu ya tofauti.

Hapo kwenye ushahidi ndipo tunapokwama. Tuchukue mfano wa mwanachama anayeuza shilingi milioni 10 kwa mwaka, mtu binafsi, si kampuni. Asiyeweka kumbukumbu za mauzo anatozwa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000, pamoja na asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 7, yaani 90,000 nyingine. Jumla 180,000. Daftari la shilingi elfu mbili limeokoa elfu sabini. Tumesikia watu wakisema daftari ni la wasomi. Si kweli. Ni tarehe, ulichouza, ulichonunua, na risiti zimebanwa mahali pamoja. Zinatakiwa zitunzwe angalau miaka mitano, kwa hiyo msiwape watoto wazifungie karanga.

Tarehe 31 jioni, kabla ya kufunga, hesabuni bidhaa zilizobaki dukani na mziandike kwa bei ya kununulia. Ni kazi ya saa mbili tatu. Na aliyefikisha mauzo ya milioni 11 kwa mwaka ajue anatakiwa kuwa na mashine ya EFD. Kiwango cha kujisajili VAT, tangu Julai 2023, ni milioni 200, kwa hiyo wengi wetu VAT tuiache kwa sasa.

Kodi ya pango ndiyo iliyoleta kelele mkutanoni, na tunairudia hapa. Wengi mnafanya upya mikataba ya fremu Januari. Ukilipa pango la biashara, sheria inakutaka ukate asilimia 10, uipeleke TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, na mwenye nyumba umpe kilichobaki. Fremu ya 400,000 kwa miezi sita ni 2,400,000, kwa hiyo 240,000 inakwenda TRA. Kwa maandishi, kodi hiyo ni ya mwenye nyumba na mpangaji ni mkusanyaji tu. Kwa vitendo, tunajua, mwenye nyumba anakwambia anataka yake yote mkononi, na kama hutaki kuna wengine kumi wanaitaka fremu. Hatuna dawa ya hilo. Tunachosema ni kwamba mjadala huo ufanyike kabla ya kusaini, na mkataba uandike waziwazi kiasi cha pango kabla ya kukatwa kodi. Hoja kwamba sheria yenyewe ibadilishwe ni ya kweli. Rais amezindua Tume ya Maboresho ya Kodi mwezi Oktoba, na maoni yenu juu ya pango tutayaandika peke yake. Tusiyachanganye na hesabu za mwezi huu.

Sasa tuje kwa wafanyakazi. Hapa tunaomba utulivu, kwa sababu tawi hili lina waajiri na lina wafanyakazi, na wote wana kadi sawa.

Mwaka huu kamati imepokea malalamiko ya binti mmoja, mwanachama wetu, aliyekwenda kufuatilia mafao ya uzazi NSSF. Kila mwezi alikuwa anakatwa mshahara, na anaambiwa hiyo ni NSSF. Kufika dirishani akakuta michango imeishia mwezi wa tatu. Mwajiri wake naye ni mwanachama wetu. Hatutataja jina la mmoja wala la mwingine, na hatujaleta habari hii hapa kumwaibisha mtu. Tumeileta kwa sababu wakati tunaifuatilia, waajiri wengine wawili walituambia kwa faragha kwamba na wao wako hivyohivyo. Walisema biashara ilibana, wakatumia fedha hiyo kununulia mzigo, wakitegemea kurudisha. Hatuna shaka walikusudia kurudisha.

Lakini tuelewane. Ukimkata mfanyakazi shilingi elfu thelathini, ile elfu thelathini si mtaji wako. Ni mshahara wake ambao ameuacha mkononi mwako uupeleke mahali. TRA ukichelewa, wanakuandikia barua na unahangaika. Mfanyakazi hana barua ya kukuandikia, hata hajui, na ndiyo maana huyu anakuwa wa mwisho kila biashara inapobana. Sisi tunasema mwezi huu awe wa kwanza.

Hesabu yenyewe ni hii. Mfanyakazi wa mshahara wa 300,000, mchango wa NSSF ni asilimia 20, nusu yake na nusu yako: yeye 30,000, wewe 30,000. Inapelekwa ndani ya siku 30 baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo ya Novemba isivuke tarehe 30 Desemba. Fidia kwa wafanyakazi, WCF, ni asilimia 0.5 ya mshahara, yaani 1,500, na hiyo ni yako peke yako. Ni kosa kumkata mfanyakazi. Kwa hiyo mtu wa laki tatu anakugharimu 331,500. Anayeajiri ajue gharama hiyo kabla ya kusema "nitakulipa laki tatu". Na wenye gereji na kuchomelea, hiyo 1,500 ndiyo inayosimama siku cheche inapoingia jichoni.

PAYE wengi wanaiogopa bure. Mchango wa mfanyakazi wa NSSF unatolewa kwanza, ndipo kodi inahesabiwa, na 270,000 ya kwanza kwa mwezi haina kodi. Huyu wa laki tatu, ukitoa 30,000, anabaki na 270,000 kamili. PAYE yake ni sifuri. Wa laki nne anabaki na 360,000, anakatwa asilimia 8 ya ile 90,000 iliyozidi: 7,200. Kupeleka PAYE ni ndani ya siku saba baada ya mwezi. Ya Novemba mwisho ulikuwa jana, na kesho ni sikukuu ya Uhuru, kwa hiyo aliyepitiwa awahi Jumanne. Ya Desemba ni tarehe 7 Januari. Bahasha ya sikukuu mnayowapa, kama ni fedha taslimu, inahesabiwa kama sehemu ya mshahara wa mwezi huo. SDL, asilimia 3.5, inawahusu wenye wafanyakazi 10 au zaidi, na hapa tawini hao ni wachache, watuone pembeni.

Kima cha chini kwenye biashara, kwa amri iliyoanza Januari 2023, kilikuwa 150,000 kwa mwezi. Tunajua kuna wanaolipa chini ya hapo na kusema "nampa na chakula". Basi waje tuzungumze.

Likizo. Mfanyakazi anastahili siku 28 mfululizo zenye malipo kwa mwaka. Angalieni madaftari yenu: nani hajapumzika mwaka huu? Kama hajapumzika, mpangieni tarehe kwa maandishi sasa, isizidi miezi sita baada ya mwaka wake wa likizo kwisha. Kumpa fedha aendelee kufanya kazi bila ridhaa yake si mbadala wa likizo. Na atakayefanya kazi tarehe 25, tarehe 26 au mwaka mpya, saluni na vinyozi tunawatazama nyinyi, saa hizo zinalipwa mara mbili ya mshahara wa kawaida.

Kuna tabia ya kumwachisha mtu tarehe 31 Desemba na kumrudisha Januari kama mpya, ili asidai chochote. Acheni. Mtu aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita analindwa na sheria dhidi ya kuachishwa isivyo halali, na ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Hata mkataba wa mwaka mmoja unaofika mwisho, kama mlikuwa mnamhuisha kila mwaka na mkamfanya aamini mtamhuisha tena, anaweza kushinda. Asiye na mkataba wa maandishi kabisa, mwandikieni. Kurasa mbili zinatosha: jina, kazi, mahali, saa, mshahara, likizo, tarehe ya kuanza. Tunazo nakala ofisini.

Yaliyobaki ni mafupi. Leseni ya biashara inaisha miezi 12 tangu ilipotolewa, kwa hiyo isomeni tarehe iliyoandikwa. Wenye kampuni, ritani ya mwaka ya BRELA inafuata tarehe ya kusajiliwa kwenu. Makadirio ya 2025 ni kabla ya Machi kuisha, na ritani ya mapato ya 2024 ni kabla ya Juni kuisha.

Jumamosi tarehe 14, kuanzia saa nne asubuhi, tutakaa ofisi ya tawi na vijana wetu wawili wanaojua mifumo ya TRA na NSSF. Hakuna malipo. Mwajiri aje na namba yake ya TIN, daftari, mkataba wa pango na orodha ya wafanyakazi na mishahara yao. Mwenye deni la michango ya NSSF aje hata kama hana fedha mkononi, tuandike pamoja barua ya kuomba kulipa kwa awamu. Mfanyakazi aje na namba yake ya uanachama wa NSSF tumsaidie kuangalia michango yake mwezi kwa mwezi. Asiyetaka kuonana na mwajiri wake mlangoni aje baada ya saa nane mchana, chumba cha nyuma kitakuwa wazi.

Kamati ya Uchumi ya Tawi