Harufu ya Majitaka Nyumbani: Tuitafute Inakotoka



Kila tunapozungumza na wakazi wa Tegeta, Kawe, Tandika au Mbagala, swali hili hurudi: mbona gari la kunyonya majitaka limekuja, karo limebaki tupu, na harufu ingali ndani ya nyumba? Jibu letu ni kwamba karo huenda halikuwa na kosa. Tutafute chanzo kwanza, fedha zitoke baadaye.

Tuanzie ndani. Chini ya sinki, beseni na tundu la bafu hutakiwa kuwapo bomba lililopinda, linalobaki na maji kidogo. Maji hayo ndiyo mlango unaoizuia hewa ya karo. Bafu lisipotumika kwa wiki kadhaa, hasa katika joto la Januari na Februari, maji hukauka na mlango huwa wazi. Basi mimina maji katika kila tundu, kisha ngoja. Harufu ikikoma, hapahitajiki fundi. Isipokoma, ziba matundu yote kwa vitambaa vilivyolowa, ufungue moja moja. Litakalotoa harufu ndilo lenye kasoro. Huenda bomba lake lina ufa, au lilifungwa limenyooka tangu nyumba ilipojengwa.

Sikiliza pia. Choo kikimwagiwa maji na tundu la bafu likatoa mlio wa kubwabwaja, ama njia ya majitaka imeanza kuziba, ama bomba la hewa limeziba au halipo. Bomba hilo hupaswa kupanda hadi juu ya paa, mbali na madirisha.

Kisha tutoke nje. Tundu moja tu likipitisha maji polepole, mara nyingi kizuizi ni mafuta au nywele katika bomba lake. Yote yakizubaa kwa pamoja, kagua chemba na karo. Wakati wa masika, penye maji ya ardhini yaliyo karibu na uso wa ardhi, karo huweza kujaa tena muda mfupi baada ya kunyonywa.

Tunawasihi: mtu yeyote asiingie karoni, wala asimulike kwa kibiriti. Humo mna gesi iwakayo, na nyingine yenye harufu ya yai viza ambayo ikizidi huifisha pua kabla ya kumwua mtu. Kutosikia harufu si dalili ya usalama.

Wala tusifungulie majitaka mtaroni mvua inyeshapo. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia Kinondoni. Uchafu wa jirani hufika kisimani na jikoni kwetu.

Karo likijaa kweli, ita gari lenye kibali, uliza majitaka yatamwagwa wapi, na udai stakabadhi. Mahali pake ni mabwawa ya kuyatibu, kama yale ya Vingunguti, si bondeni wala mtoni. Hiyo ni haki yako mlipaji, na ni amana yako kwa jirani.