Anayedai Deni kwa Simu: Ni Nani, na Anataka Nini?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia kutoka Njoro, Molo na Rongai. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Asanteni kwa kuacha mashamba siku ya leo, najua viazi vinangoja. Nimeombwa niseme juu ya jambo moja tu, nalo ni hawa watu wanaotupigia simu wakisema wanatudai deni. Sitaanza na sheria. Nitaanza na ng'ombe.

Mama mmoja wa kikundi chetu (ameniruhusu niseme, lakini jina nisitaje) alikuwa akikamua asubuhi, saa kumi na moja na nusu. Simu ikalia. Akasikia sauti nzito ya mwanamume, na mtu huyo akamtaja majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Mazungumzo yakawa hivi:

"Mama, mimi ni dalali wa mahakama. Una deni la shilingi 14,600. Lori liko tayari hapa Nakuru, linakuja kuchukua ng'ombe na viti."

"Deni la wapi, baba?"

"La mkopo wa simu. Usijifanye hujui. Ukituma 6,000 kabla ya saa mbili nitarudisha lori. Tuma kwa hii namba, ni ya karani wetu. Na usimwambie mtu, maana hii ni kesi ya mahakama."

Sasa sikilizeni. Mama huyu kweli alikuwa amekopa kwa simu. Alikuwa amebakisha kama 1,800. Kwa hiyo aliposikia neno deni, moyo wake ulikubali kabla kichwa hakijauliza. Akatuma. Akatuma pesa gani? Yeye ni mweka hazina wetu, na jana yake tulikuwa tumechanga pesa za mzunguko, ziko kwenye laini yake. Zamu ilikuwa ya mama mwingine ambaye mtoto wake alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Baada ya wiki mbili yule bwana akapiga tena, ati lori lilishatoka Nakuru na gharama ya mafuta ni 4,000. Akatuma tena. Lori halikuja, kwa sababu lori halikuwako.

Mama alinyamaza na jambo hilo karibu mwezi mzima. Na mimi niliyekuwa katibu nilisema mbele ya watu kwamba amekula pesa za kikundi. Nilisema hivyo, mnisamehe. Nimemwomba msamaha na amenipa, lakini hata leo kuna watu wanaokumbuka maneno yangu kuliko msamaha wangu.

Ndiyo maana nimesimama hapa.

Tujiulize, kwa nini mtu huyu anafaulu? Si kwa sababu sisi ni wajinga. Zamani aliyetaka kukopa alivaa vizuri akaenda benki mjini, au akaenda kwa mwenye duka aliyemjua baba yake. M-Pesa ilianza mwaka 2007. M-Shwari ikaja mwaka 2012, halafu zikafuata programu nyingi za mikopo. Fuliza ilikuja mwaka 2019. Tarehe 30 Novemba 2022 serikali ikaanzisha Hustler Fund, na mwaka 2023 ukaongezwa mkopo wa vikundi kama hivi vyetu. Leo mtu anakopa 500 akiwa amesimama kwenye foleni ya posho mill. Kwa hiyo mwenye kupiga simu hahitaji kujua deni lako. Akipigia watu kumi na kusema "una deni", wengi watakuwa na deni dogo mahali fulani, au mtoto wao analo, au walilipa na hawana hakika kama lilikwisha. Anabahatisha, halafu hofu yako inamjazia pale asipojua.

Na majina yetu je, anayatoa wapi? Hilo lilinisumbua sana mpaka nikafikiri vizuri. Jina lako linaonekana mtu akianza kukutumia pesa kwa M-Pesa. Liliandikwa kwenye vitabu vya mawakala, pamoja na namba ya simu. Liko kwenye vitabu vya wageni vya majumba ya mjini unapoandika kitambulisho ili uruhusiwe kupanda ngazi. Liko kwenye orodha za harambee. Basi mtu akikutaja majina matatu, hajathibitisha kitu.

Watu hawa wengine wanakaa karibu nasi. Mmesikia habari za Mulot, ile senta ya mpakani mwa Bomet na Narok. Makachero wa DCI wamewakamata vijana huko mara nyingi kwa wizi wa simu, na mara nyingine wakakutwa na marundo ya kadi za laini. Nawahurumia wakulima wa Mulot, maana wengi wao ni watu wa kazi yao kama sisi na jina la kwao limechafuliwa na wachache. Wapigaji wengine wamejulikana kupiga wakiwa ndani ya jela, na Kamiti imetajwa sana kwa jambo hilo. Sauti nzito ya "dalali" inaweza kuwa ya mfungwa.

Sasa nije kwa sheria, lakini kwa ufupi, maana mimi si wakili.

Dalali wa kweli ana leseni. Hawezi kuamka tu akachukua ng'ombe. Ni lazima awe na amri ya mahakama au barua ya maagizo, na kwa vitu visivyo mifugo wala vya kuoza upesi, aje aandike orodha yake kwenye karatasi, akuachie, halafu akupe siku 7 za kulipa kabla hajaviondoa. Hizo ni kanuni za madalali za mwaka 1997. Kwa shamba lililowekwa rehani ni muda mrefu zaidi: ilani ya miezi 3 kwanza, halafu ilani nyingine ya siku 40, na bado mambo mengine. Kwa hiyo mtu anayekupa mpaka saa mbili asubuhi si dalali. Na polisi hawakamati mtu kwa sababu ya deni la simu. Kufungwa kwa deni kuko, lakini hupitia mahakamani, na mahakama lazima ikuite kwanza ujieleze. Haifanywi kwa meseji.

Kuna jambo la tatu ambalo watu hulichanganya na mawili hayo. Mara nyingine anayepiga si tapeli kabisa. Ni kampuni halisi uliyokopa, lakini inadai kwa njia mbaya: inakutukana, inampigia shemeji yako, mwalimu wa mtoto wako, hata katekista, ikisema wewe ni mwizi. Hiyo ilituumiza sana miaka iliyopita. Bunge lilibadilisha sheria mwisho wa mwaka 2021, na kanuni za Benki Kuu za 2022 zikakataza mkopeshaji wa simu kutisha, kutumia matusi, au kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa ili kumwaibisha. Mkopeshaji wa namna hiyo lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na orodha yao inatangazwa. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa na programu za KeCredit na Faircash, kwa kutumia namba za watu wengine na kuwatumia vitisho. Kwa hiyo ukipigiwa ukaambiwa, "Wewe ni mdhamini wa fulani, lipa," jiulize: je, niliweka sahihi? Je, nilikubali? Namba yako kuwa ndani ya simu ya jirani haikufanyi mdhamini wake.

Waswahili walisema dawa ya deni ni kulipa, na tapeli anaijua methali hiyo vizuri, atakusomea. Sawa, tulipe. Lakini tumlipe nani? Deni la kweli linalipwa pale lilipotoka. Kama ni Fuliza au M-Shwari, utaliona mwenyewe kwenye menyu ya M-Pesa, bila kuuliza mtu. Kama ni programu nyingine, ingia mle ulimokopea, au tumia namba ya paybill uliyopewa siku ya kukopa. Namba ya "karani wetu" inayoanza na sifuri saba si ofisi. Na ukianza kutuma, M-Pesa inakuonyesha jina la anayepokea kabla hujamaliza. Soma hilo jina jameni! Ukiona jina la mtu ambaye humjui, simama hapo.

Mwingine atasema anapiga kutoka Safaricom. Safaricom wenyewe wametangaza kwamba wakikupigia watatumia 0722 000 000 tu. Wala hakuna mtu wa haki anayeuliza pini yako, awe wa benki, wa Safaricom, wa serikali, au mimi hapa.

Yule mama yetu alipigiwa tena mwaka uliofuata, sauti nyingine, deni lingine. Safari hii alijibu hivi: "Baba, niambie kampuni yako inaitwaje, halafu niletee hiyo karatasi kwa chifu. Mimi nitakuwa pale Jumanne, siku ya baraza." Yule bwana akakata simu. Sikuweza kumfundisha jibu zuri kuliko hilo, alilitunga mwenyewe. Hakumtukana, hakubishana naye. Ukibishana na mtu huyu unampa nafasi ya kujua mengi, kwamba mume yuko wapi na mshahara unaingia lini.

Na kama umeshatuma? Usikae unalia. Ile meseji ya M-Pesa ipeleke mara moja kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, na upige simu kwa huduma ya wateja. Kama hazijatolewa kwa wakala bado kuna tumaini. Kama zimetolewa, nitakuwa mwongo nikikwambia zitarudi. Namba ya tapeli ipeleke kwa 333, ni bure. Halafu nenda kituo cha polisi, uandikishe, na usitoke bila namba ya OB. Usifute meseji zake, hata za matusi, maana ndizo ushahidi. Piga *106# uone laini zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako. Wengine hapa mtashangaa.

Sasa niseme na waweka hazina, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Pesa za kikundi zisilale kwenye laini ya mtu mmoja. Zile zetu zilikuwa kwa simu ya mama mmoja kwa sababu sisi wengine tulikuwa wavivu wa kwenda benki. Tulimbebesha mzigo, ulipomwangukia tukamlaumu. Siku hizi tumekubaliana: pesa ya mzunguko inatolewa siku ileile mbele ya wote, na akiba iko benki kwa sahihi za watu watatu. Tena tumeandika kwenye kitabu cha mikutano kwamba simu yoyote inayotaja deni la kikundi au la mwanachama, mweka hazina hajibu kitu mpaka amwambie mwenyekiti na katibu. Tapeli alisema "usimwambie mtu", basi sisi tumeandika kwamba ni lazima umwambie mtu.

Na kila mkutano, kabla ya kuchanga, tunauliza: nani amepigiwa simu wiki hii? Mara ya kwanza tulipouliza, wote walinyamaza wakitazama chini. Kisha mzee mmoja, mtu tunayemheshimu sana na aliyekuwa karani wa reli, akasimama akasema alituma 11,000 mwaka jana na hata mke wake hajui. Mke wake alikuwa ameketi palepale. Tulicheka mpaka machozi, naye akacheka. Baada yake wakasimama wengine wanne.

Mimi nimemaliza. Kabla ya maswali, kila mtu atoe simu yake, hata ile ya mulika mwizi. Vijana watapita kwenye viti wawaonyeshe wazee namna ya kutuma kwa 333 na kupiga *106#. Chai italetwa baada ya hapo.