Kiwanja Kilicho Nyuma ya Ukumbi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Naishukuru Halmashauri kwa heshima iliyonipa ya kusema mbele yenu juu ya vijana wetu. Mweka Hazina amekwisha kusoma hesabu, nasi sote tumesikia ya kwamba sehemu kubwa ya fedha tulizochanga mwaka huu, kama mwaka uliopita, ilikwenda katika mazishi: majeneza, magari ya kusafirisha maiti mpaka nyumbani, na chakula cha waombolezaji. Silaumu. Chama cha ustawi kisichoweza kumzika mwanachama wake kwa heshima hakistahili jina hilo. Lakini nilipokuwa nikizisikiliza hesabu zile, nalijiuliza ni shilingi ngapi zilizotumika kwa ajili ya mtu aliye hai ambaye hajatimiza miaka 20. Sikuisikia hata moja.

Hoja iliyo mbele yetu leo yasema kwamba kiwanja kilicho nyuma ya ukumbi huu kizungushiwe ua, kisha kijengwe vyumba vya kupangisha, ili kodi yake isaidie hazina. Najua kwamba walioileta wana nia njema, na mmoja wao ni mzee aliyenifundisha kazi nilipofika mjini nikiwa sina hata koti. Hata hivyo naipinga, nami naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Katika miaka ya 1990 chama hiki kilimzika kijana mmoja, mtoto wa mwanachama, ambaye wengi wenu mlimjua. Sitamtaja. Tulichangishana kwa siku nne, tukanunua jeneza zuri, tukakodi basi, tukamfikisha kwao kabla ya jua kutua. Katika hotuba zote zilizosemwa kaburini hapakuwa na mtu aliyeutaja ugonjwa uliomwua. Mmoja alisema ni kifua, mwingine akasema ni malaria iliyokawia, na mimi niliyesoma taarifa ya maisha yake nilisema “baada ya kuugua kwa muda”. Wenzake wa rika moja walikuwa wamesimama pale pale, wakitusikiliza sisi wazee tukiwafundisha ya kwamba jambo hili halitajwi. Ilikuwa Novemba 1999 Rais Moi alipotangaza kwamba UKIMWI ni janga la kitaifa. Wakati ule sisi tulikuwa tumekwisha kuchimba makaburi mengi.

Leo dawa zipo, na mwenye virusi akizimeza kama alivyoagizwa aweza kuishi miaka mingi na kulea watoto wake. Namshukuru Mungu kwa hayo. Lakini dawa haimfundishi msichana wa miaka 14 namna ya kumkataa mtu mzima mwenye fedha, wala haimwambii mvulana kwamba kujipima si aibu. Zamani maneno hayo yalikuwa na wenyewe. Bibi aliwafundisha wajukuu wa kike usiku walipolala nyumbani kwake, na wavulana walikuwa na wakubwa wao waliowekwa kwa kazi hiyo. Hapa mjini bibi yuko mbali, mama arudi kazini saa mbili usiku, na baba, tuseme kweli, aona haya. Basi kijana hufundishwa na simu yake na wenzake wa kijiweni, ambao wanajua kama yeye ajuavyo.

Ni nani basi atakayesema naye? Kabla sijajibu, nitawapeleka Mathare, mahali ambapo wengi wetu twapaona kwa madirisha ya gari tu.

Mwaka 1987 Mkanada mmoja, Bob Munro, mshauri wa mambo ya mazingira na maendeleo, aliwakuta watoto katika bonde la Mathare wakicheza mpira uliofumwa kwa makaratasi ya nailoni na kamba. (Vijana wa leo wataniuliza makaratasi hayo yalitoka wapi, kwa kuwa tangu Agosti 2017 mifuko hiyo imepigwa marufuku, wakati ule ilijaa kila mtaro.) Watoto wale walitaka mpira halisi na mtu wa kuwaamulia michezo. Akawaambia kwamba atawasaidia, lakini na wao sharti wafanye kitu: wasafishe mahali wanapoishi. Hapo ndipo kilipoanza Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, ambacho wengi hukiita MYSA kwa kifupi.

Bwana Mwenyekiti, sharti hilo ndilo ninalotaka tulitazame vizuri, maana laonekana dogo. Katika ligi ya Mathare timu haikupata pointi kwa kushinda tu. Ilitakiwa itoke na majembe, mabeleshi na toroli, izoe taka na kuzibua mitaro ya mtaa wake, na kwa kila kazi ya namna hiyo iliyokamilika ilitiwa pointi 6, ambazo ni nyingi kuliko pointi za mchezo ulioshindwa kwa mabao. Timu yenye miguu mizuri na mikono mivivu haikuweza kuwa bingwa. Wenye kujua habari za afya hawana haja ya kuambiwa maana ya mtaro uliozibuliwa: maji machafu hayasimami, mbu hawazaliani, na mtoto anayetambaa hakutani na uchafu wa kumtia kuhara. Watoto waliokuwa wakiambiwa kila siku kwamba wao ndio takataka za mji wakawa ndio wanaoziondoa. Mwaka 1992 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likawapa tuzo lake liitwalo Global 500.

Mwaka huo huo wasichana nao wakaanza kucheza. Jambo hili halikuwa jepesi, kwa sababu msichana ana maji ya kuteka, mdogo wake wa kumbeba na sufuria ya kuangalia, na mzazi wake anaogopa giza. Hapana mpira unaoweza kuchezwa na msichana mpaka mama yake amekubali, na mama hakubali mpaka ameelezwa saa ya kuondoka na saa ya kurudi. Nasema hayo ili wenzangu wa Halmashauri wasidhani kwamba kufungua mlango kwatosha.

Kisha wakaingia katika lile jambo ambalo sisi tulilinyamazia kaburini. Tangu katikati ya miaka ya 1990, wakati sisi tukisema “kifua”, vijana wa Mathare walifundishwa habari za UKIMWI, nao wakawafundisha wenzao wa rika moja, kwa lugha yao, kiwanjani, baada ya mchezo. Mwalimu alikuwa yule yule aliyekuwa akilinda lango dakika kumi zilizopita. Hilo ndilo jibu langu kwa swali la ni nani atakayesema nao. Kijana aliyefundishwa vizuri atasema na kijana mwenzake mambo ambayo mimi, hata nikitaka, nitayasema huku nikikohoa.

Sisemi kwamba Mathare imekuwa pepo. Taka zingaliko, na njaa ingaliko, na wako vijana waliopita katika ligi ile wakapotea. Lakini uongozi wa kazi ile uliwekwa mikononi mwa vijana wenyewe: walichagua kamati zao mtaa kwa mtaa, walipanga ratiba, walitunza vifaa, na aliyejitolea kuwafundisha wadogo aliweza kupata tuzo la karo, ambalo lilipelekwa moja kwa moja shuleni. Timu ya wakubwa waliyoiunda mwaka 1994, Mathare United, ikawa bingwa wa Kenya mwaka 2008. Nimeutaja ubingwa mwishoni kwa makusudi, kwa kuwa najua kuna wazee hapa ambao hawatasikia lingine baada ya hilo.

Yupo atakayesema kwamba Mathare walikuwa na mgeni wa kuwasaidia, na sisi hatuna. Namjibu kwa habari za nyumba yetu wenyewe. Vyama vya ustawi kama hiki chetu, vilivyoanzishwa na watu waliokuja mjini bila ndugu, havikuwa vya mazishi peke yake. Jina la Luo Union lilikuwa jina la chama cha ustawi, nalo likawa jina la timu iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1964, na tena mwaka 1975. Waluhya nao walikuwa na Abaluhya, ambayo leo twaiita AFC Leopards. Majina yale yalibadilishwa mnamo mwaka 1980 Serikali ilipokataza majina ya makabila, na pengine ilikuwa vyema. Lakini tusisahau kwamba makarani, wapishi na wafanyakazi wa reli waliochanga senti zao kuwazika wenzao ndio wale wale waliochanga senti za kununulia vijana jezi. Hawakuwa matajiri kutushinda.

Sasa narudi kwenye kiwanja. Vyumba vikijengwa, hazina itapata kodi, hilo sikatai. Wapangaji wakilipa, na paa lisipovuja, na fundi asitudanganye, baada ya miaka kadhaa tutakuwa tumerudisha gharama. Tutakuwa na fedha zaidi za majeneza. Lakini hapana kiwanja kingine katika mtaa huu ambacho mtoto aweza kukifikia bila kuvuka barabara kuu, na ardhi ikisha kujengwa mjini hairudi kuwa wazi. Kila mmoja wenu ajua kiwanja kimoja au viwili vya utoto wake ambavyo leo ni ukuta.

Nina lawama moja ya kujitwisha mwenyewe. Miaka miwili iliyopita vijana walinijia wakaomba ufunguo wa ukumbi kila Jumamosi alasiri. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Niliwauliza ni nani atakayelipa kioo kikivunjika, wakakosa jibu, nikaona nimeshinda. Siku hizi huwaona jioni wamekaa ukingoni mwa mtaro ulio mbele ya duka, nao huniamkia kwa adabu kabisa, “Shikamoo mzee,” na adabu hiyo hunichoma.

Kwa hiyo naleta pendekezo badala ya hoja ile. Kiwanja kibaki wazi. Chama kitenge fungu dogo la michango ya mwaka ujao, kiasi atakachokiona Mweka Hazina kuwa chawezekana bila kuwaharibia wafiwa haki yao, tununue mipira, reki, mabeleshi na toroli mbili. Vijana wachague kamati yao, wavulana na wasichana sawasawa, nao wapewe ufunguo wa ukumbi kwa siku wanazozitaka, na kioo kikivunjika tukutane nao tuzungumze, kama tunavyozungumza sisi wenyewe bakuli la chama likivunjika harusini. Timu isiyosafisha mtaro isicheze. Mwanachama mwenzetu aliye mwuguzi amekubali kuja mara moja kwa mwezi kuwafundisha wale watakaowafundisha wenzao, na ameniomba niwaambie kwamba hatataka mzee yeyote akae chumbani wakati huo. Nami namwunga mkono. Akina mama wa chama waombwe wapite nyumba kwa nyumba kusema na wazazi wa wasichana, kwa maana sisi wanaume tukienda hatutasikilizwa, na haki.

Kamati hiyo iwe na viti viwili katika Halmashauri hii, vyenye kura. Najua hapo ndipo pagumu. Nimeambiwa jana kwamba kijana hawezi kupiga kura juu ya fedha ambazo hakuchanga. Lakini tumekuwa tukimwomba asukume gari la maiti, abebe viti, achimbe kaburi, na hatukumwuliza kama amelipa ada.

Bwana Mwenyekiti, vijana sita wameketi nyuma ya ukumbi, karibu na mlango. Niliwaalika mimi, bila idhini yako, na kwa hilo naomba radhi. Mmoja wao, msichana, ameandika maneno yake katika karatasi moja. Naomba apewe dakika tano kabla hoja haijapigiwa kura.