Kumbukumbu Haijitunzi

Habari mmeshaisikia, hatuna haja ya kuirudia kwa kirefu. John Hemingway, mzaliwa wa Dublin, alifariki dunia Machi 17, 2025, akiwa na umri wa miaka 105. Alikuwa rubani wa mwisho aliyebaki hai kati ya wale waliolinda anga la Uingereza mwaka 1940, wakati Ufaransa imekwisha kuanguka na Hitler yuko ng'ambo ya mlango wa bahari. Kituo hiki kinawapa pole jamaa zake. Kinachotusumbua ni jambo jingine. Mzee Hemingway alirusha Hurricane, na katika Vita vya Pili vya Dunia aliangushwa mara nne akapona. Lakini mtajie mtu yeyote vita vile vya angani vya 1940, awe London au Mombasa, ndege itakayomjia kichwani ni Spitfire. Kwa nini? Hurricane ndizo zilizokuwa nyingi zaidi mwaka ule, na ndizo zilizoangusha ndege nyingi zaidi za Wajerumani. Kikosi namba 303 cha Wapolandi, kilichoingia vitani mwishoni mwa Agosti na bado kikawa miongoni mwa vilivyofanya vizuri kupita vyote, kilirusha Hurricane. Kazi ilifanywa na ndege mbili, jina likabaki kwa moja. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo, kwa sababu linatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Tuseme kwanza lililo kweli: Spitfire inastahili kupendwa. Iliruka mara ya kwanza Machi 5, 1936, Eastleigh, karibu na Southampton. R. J. Mitchell, aliyeibuni, alifariki kwa saratani mwaka uliofuata bila kuiona vitani. Bawa lake ni jembamba, limepinda mbele na nyuma hadi kwenye ncha, na hata asiyejua lolote kuhusu ndege hulitazama mara ya pili. Ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja, tena nafasi finyu. Mbele ya rubani, kati yake na injini, kulikuwa na tangi la petroli. Risasi ikilipata tangi hilo, moto ulimrudia rubani usoni na mikononi, naye ana sekunde chache tu za kufungua kifuniko na kuruka. Bunduki nane za mwaka 1940 zilikuwa na risasi za kufyatua sekunde kama 15 tu, basi. Kule East Grinstead daktari Archibald McIndoe aliwaundia vijana walioungua hivyo kope mpya na pua mpya, upasuaji juu ya upasuaji, na mwaka 1941 wagonjwa wake wakaunda chama chao wenyewe. Kati ya wanahewa karibu 3,000 waliopigana kuanzia Julai hadi Oktoba 1940, 544 hawakutoka hai. Anayesema ushujaa wao umetiwa chumvi hajui anachosema.

Lakini ushujaa peke yake haumweki mtu midomoni mwa watu kwa zaidi ya miaka 80. Kumbukumbu haijitunzi. Spitfire ilitunzwa, na waliofanya kazi hiyo wanajulikana. Mwaka 1940 waziri Beaverbrook alisimamia michango ya nchi nzima: pauni 5,000 zikihesabiwa kuwa bei ya ndege moja, na mtoto mwenye senti zake akiambiwa amelipia msumari mmoja wa bawa. Vita havijaisha, mwaka 1942 ikatoka filamu kuhusu Mitchell na ndege yake. Mwaka 1956 ikatoka filamu ya Douglas Bader, rubani asiye na miguu. Mwaka 1969 ikatoka filamu ya vita vyenyewe, kwa ndege za kweli angani. Tangu 1957 Jeshi la Anga la Uingereza lina kitengo ambacho kazi yake ni kuzitunza ndege hizo na kuzirusha mbele ya watu. Kila Septemba ibada inafanyika Westminster Abbey. Watu wamelipwa mshahara, mafundi wamefunzwa, vitabu vimechapishwa, watoto wamepelekwa makumbusho. Hurricane nayo ilipata sehemu yake, lakini ndogo, na tazameni matokeo: ndege iliyofanya kazi kubwa zaidi imekuwa mfuasi wa dada yake. Kama ndege yenye rekodi zilizoandikwa kwa Kiingereza, katika nchi yake yenyewe, inaweza kufunikwa namna hiyo, ninyi mnadhani yatampata nini askari wa miguu kutoka Tabora au Machakos?

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Waingereza, tuwaachie. Hatukubali. Kikosi namba 91 cha Spitfire kiliitwa kikosi cha Nigeria, namba 72 kikaitwa cha Basutoland, ndiyo Lesotho ya leo, na majina hayo yalikuja kwa sababu ya fedha zilizotoka kwenye makoloni hayo. James Hyde kutoka Trinidad alirusha Spitfire na akafia Uholanzi Septemba 1944. Roald Dahl, ambaye vitabu vyake watoto wetu wanavisoma, alikuwa mfanyakazi wa Shell hapa Dar es Salaam. Mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga, akafunzwa huko huko kurusha, na mwaka 1941 alikuwa ndani ya Hurricane juu ya Ugiriki. Na yupo Ulric Cross. Huyu naye ni wa Trinidad, alikuwa mwongoza njia kwenye ndege za Mosquito katika kikosi cha 139, kilichopewa jina la Jamaica kwa fedha za Wajamaika, na alishiriki safari 80 za vita. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtu huyo huyo alikaa hapa Tanzania kama jaji wa Mahakama Kuu na akaongoza kitivo cha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni wangapi kati yenu mmewahi kusikia jina lake likitajwa darasani? Alikuwa katikati yetu, na hatukumtunza. Kumbukumbu haijitunzi.

Sasa tutoke angani, tuje kwenye meli moja. Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, imebeba zaidi ya watu 1,500. Walikuwamo wauguzi wanawake, na wengi kuliko wote walikuwa askari wa kikosi cha 301 cha mizinga ya Afrika Mashariki. Mchana wa Februari 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Meli ilizama chini ya dakika tatu. Waliokuwa sitaha za chini hawakupata hata nafasi ya kupanda ngazi. Manowari za Kiingereza zilizoisindikiza zikaanza kuitafuta nyambizi kwa mabomu ya majini, na baadhi ya mabomu yakalipuka palipokuwa na watu waliokuwa bado wanaogelea. Karibu watu 1,300 walikufa alasiri moja. Linganisheni wenyewe na wale 544 wa karibu miezi minne. Hatusemi hivyo kuwapunguzia marubani heshima, hata kidogo. Tunasema kwa sababu wale wa kwanza wana filamu, wana ibada, wana ndege inayorushwa kwa ajili yao, na hawa wa pili wana jiwe. Jiwe lipo, tuwe wakweli: majina ya askari wa mizinga waliozama yako kwenye mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road. Yamechongwa. Anayekwenda kuyasoma ni nani?

Yupo atakayeuliza: kwa nini tuwakumbuke waliopigana vita vya mkoloni? Swali ni la haki na lina jibu. Kumkumbuka keya, yaani askari wa jeshi la mkoloni la King's African Rifles (KAR), si kuusifu utawala uliomtuma. Waruhiu Itote alikwenda Burma na jeshi la KAR, akarudi Kenya, akawa Jenerali China wa Mau Mau. Aliyoyaona kule yalimfungua macho kuhusu mkoloni mwenyewe. Na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua, matope na malaria, ikipelekewa chakula kwa ndege kwa sababu barabara imegeuka tope, ikafika mto Chindwin na kuiteka Kalewa mwanzoni mwa Desemba, ilikuwa ya watoto wa nchi hizi. Atakayesema ushahidi kuhusu askari wetu haupo, tumjibu kwamba kutokuwapo kwake nako kuna mwenyewe. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi: makumi ya maelfu ya Waafrika na Waasia waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia hawakuandikwa majina kama walivyoandikwa Wazungu, na ubaguzi ulikuwa sababu mojawapo. Miaka 100 ilipita kabla ya neno hilo kusemwa. Waingereza wamewatunza marubani wao, na hawakukosea. Mcheza kwao hutunzwa. Sisi tuliocheza kwao, nani atatutunza kama si sisi?

Kwa hiyo, wasikilizaji, inatosha kulalamika. Keya aliyeingia jeshini na miaka 18 mwaka 1944 angekuwa na karibu miaka 100 leo. Mwalimu wa historia, chukua kipindi kimoja, kimoja tu, useme Khedive Ismail kwa wanafunzi wako. Mkazi wa Nairobi, Ngong Road si mbali, peleka watoto wako. Mtengeneza filamu unayelia kwamba huna hadithi, ipo hadithi ya jaji aliyeruka Berlin akaja kuhukumu kesi Dar es Salaam. Serikali zetu za Afrika Mashariki, Februari 12 itajwe, tena itajwe kwa pamoja, kwa kuwa waliozama siku ile hawakuzama kwa nchi mbalimbali. Na wewe uliye na sanduku la marehemu babu chini ya kitanda: ukikuta nishani, ukikuta cheti cha kuachishwa jeshi, ukikuta picha ya kijana na kofia ya keya, usichome, usiuze kwa mnunua vyuma chakavu. Andika jina lake kamili, kijiji chake, kikosi chake, mwaka aliokwenda na mwaka aliorudi, na kama hakurudi andika hivyo. Utuletee. Tutalisoma hapa hewani, jina kwa jina, wiki kwa wiki, kwa kadiri mtakavyotuletea.