Mkeka wa Mbao na Baridi ya Sakafu ya Saruji

Mazungumzo kwa wakazi wa mitaa ya Eastlands



Sakafu ya saruji, iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka ikang'aa, imelea vizazi vya Eastlands. Nyumba za Kaloleni zimesimama tangu miaka ya 1940. Sakafu hiyo ni imara, ila Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai ikifika mtoto anayetambaa huijua baridi yake kuliko yeyote nyumbani.

Ndiyo sababu moja mkeka wa mbao umeenea kila ploti. Jina linapotosha kidogo, maana ni plastiki iliyochapwa picha ya mbao. Si vibaya kuupenda. Rangi ya kahawia huondoa ukali wa kijivu, na hata chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia hupendeza. Lakini unyayo hauoni rangi. Saruji na mbao zikikaa chumba kimoja huwa na joto lile lile. Tofauti ni kwamba saruji hunyonya joto la mguu upesi, mbao hulinyonya polepole. Mkeka mwembamba husaidia kidogo. Wenye sponji chini ni afadhali, na zulia juu yake ni bora zaidi.

Kabla ya kununua, pimeni unyevu. Bandikeni kipande cha nailoni sakafuni kwa selotepu pande zote nne, kikae siku moja au mbili. Kikiota matone upande wa chini, au saruji ikigeuka nyeusi, maji yanapanda kutoka ardhini. Kutandika mkeka hapo ni kuficha ugonjwa: ukungu utamea chini yake, na mwenye pumu ndiye atakayeumia.

Wanaopendelea mbao halisi hutumia paleti kuukuu. Tazameni muhuri wake. HT ni mbao zilizotibiwa kwa joto. MB zilipigwa gesi ya sumu, nazo zisiingie chumba cha kulala. Mpangaji wa nyumba ya kaunti aombe idhini kabla ya kupigilia chochote sakafuni.

Lililobaki si la urembo. Baridi ikizidi, wapo wanaoingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Kwenye mkeka wa plastiki hatari huwa mbili, kwa sababu kaa moja likianguka mkeka huyeyuka na kutoa moshi wenye sumu. Usiku vaeni soksi, ongezeni blanketi. Jiko lilale nje, hata kama makaa yanaonekana yamekwisha kuwa majivu.